Majivu Kabla ya Kalamu

Ganda la korosho likiungua, moshi wake haupiti ukaenda zake. Unakaa kooni. Nimeuvuta tangu nikiwa mgongoni kwa mama na mpaka leo unanitoa machozi. Ijumaa iliyopita nilikuwa uani kwangu, Likombe, mimi na wanawake wangu sita wa kubangua, mikono myeusi mpaka viwikoni, Latifa akaingia na pikipiki yake. Latifa ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa kwanza. Anafanya kazi Madimba, kwenye mtambo wa gesi. Anavaa viatu vizito kama vya askari na kofia ngumu ya njano, na wanaume wenye ndevu wanamwuliza yeye, "Dada, hapa tufungue au tufunge?" Nilisikia kwa masikio yangu siku aliyonipeleka nikasimama getini.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Zima hilo dude, usinitimulie vumbi kwenye korosho."

Mkononi alikuwa na karatasi. Amepata nafasi ya kwenda kusoma zaidi, nchi za watu, miaka miwili, na kazi yake inamngoja. Wanataka mdhamini aweke sahihi. Angeweza kumpelekea baba yake. Angeweza kumpelekea mjomba wake mwenye duka Ufukoni. Kaniletea mimi. Akaiweka mkekani, akaweka na kalamu juu yake isipeperuke.

"Ukimaliza kazi, Bibi, weka sahihi hapo kwenye mstari," akasema, akaingia ndani kuoga.

Nikabaki naitazama. Nitasema wazi, maana nimeshazeeka na sina wa kumwogopa: nilimwonea wivu. Si ule wivu wa kusema laiti na mimi. Ni ule wa kutaka kuweka kiganja changu chenye mafuta ya ganda juu ya karatasi nyeupe na kuibonyeza vizuri. Mkono ulishaanza kwenda. Nikaujua mwendo wake. Wivu ule ule nilishakutana nao nikiwa na kimo cha kinu.

Sasa nyie wa rika langu, mliobaki, ndio ninaowaandikia. Hawa watoto hawatanielewa. Kila mwaka siku ya wanawake inapofika mjini wananivika kitenge cha sare, wananipa kipaza sauti, wananiambia, "Bi Mkubwa, tueleze ulivyonyimwa shule." Nami nawaeleza. Nasema mjomba alinitoa darasa la pili, nikakua bila cheti, na leo nina nyumba mbili na watu wanakula kwa jasho langu. Wanapiga vigelegele. Yote hayo ni kweli. Lakini kipo kipande nimekiruka miaka yote, na leo nakiandika kwa mkono wangu.

Kijiji chetu kiko njia ya Msimbati, muhogo na mikorosho upande mmoja, bahari upande wa pili. Kwetu neno la mtoto ni la mjomba. Baba alikuwepo, mtu mpole, ila ukimwuliza jambo lolote la sisi watoto anakujibu, "Mwulizeni shemeji," anaendelea kula. Basi asubuhi moja Mjomba akaja, akasimama uani na fimbo yake, hakukaa hata kitini.

"Huyu Fatu amekua. Mtoto mchanga anataka mtu wa kumbeba. Na unyago si mbali. Daftari lake mpeni mwingine."

Mama alikuwa anamenya muhogo. Nikamtazama. Nikangoja aseme neno moja tu. Hakuinua kichwa. Kisu kikaendelea, ganda likaanguka refu chini. Mimi ganda lile naliona mpaka leo. Siku ile ile nikafungwa mdogo wangu Mwanaidi mgongoni, na kesho yake wenzangu wakapita na madaftari yao mimi nimesimama njiani namtikisa mtoto.

Mwezi haujaisha, kijiji kikaletewa mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Yule aliyetangulia alikuwa mwanaume, alipanga saa kumi kila siku kwenye baraza la ghala la korosho, akawa anayasomesha magunia. Huyu mpya alikuwa msichana wa Mikindani, binti wa fundi cherehani, jina lake Esha, hajaolewa, ana raba nyeupe miguuni na baiskeli ya kiume. Kitu cha kwanza alichowauliza wanawake hakikuwa nani anajua a. Aliwauliza, "Maji yanakauka saa ngapi?"

Pale pale akawapata. Maana wanawake wa kwetu hawafuati saa ya ukutani. Bamvua likija, maji yakaenda mbali, wote wako mwambani na vijiti vyao wanachokoa pweza. Maji yakiwa mafu, hayaendi mbali, wako nyumbani. Esha akapanga kisomo kifuate maji. Siku za bamvua walikuja baada ya maji kurudi, kanga zimelowa, vikapu vya pweza vimewekwa ukutani, na wakiondoka baraza lote lina michirizi ya chumvi. Siku za maji mafu walikaa mpaka wanasinzia.

Wanaume waliokuwa wakicheza bao upande wa pili wa ghala hawakumwacha. Mmoja akamwuliza, "Mwalimu, hiyo baiskeli ina mume?"

"Inaye," Esha akasema bila kugeuka. "Ile kengele. Kelele nyingi, kusukuma haisukumi."

Wanawake walicheka mpaka mwingine akajilaza sakafuni. Mama yangu alicheka kuliko wote. Sijawahi kumwona akicheka hivyo nyumbani, na mimi mwanawe sijawahi kumchekesha hivyo. Hapo ndipo wivu uliponishika.

Kila siku nilisimama nje ya baraza na Mwanaidi mgongoni, nayumba huku na huku ili alale. Nilimwona mama amekaa kwenye gunia, miguu ameikunja kama mtoto wa madrasa, anahangaika na b. Aliigeuza tumbo lake nyuma. Mimi b naijua! Herufi zile zilikuwa zangu, niliziacha juzi tu, na sasa amekalia mama mahali pangu na mimi nimebeba mtoto wake. Alikuwa na kalamu ya risasi moja. Wenzake pindo la kanga wanafungia senti, yeye alifungia kalamu. Akitaka kuandika anafungua fundo taratibu, anailamba ncha, anaandika herufi moja, anailamba tena. Na Esha anainama nyuma yake, anaushika mkono wake, anauongoza.

"Haya mwanangu, taratibu," mama anamwambia.

Mwanangu! Esha ndiye aliyeitwa mwanangu. Pweza akipikwa, mkia mnene unawekwa kwenye bakuli la kufunika, la mwalimu. Mimi nabaki na mchuzi.

Esha aliwafundisha na mambo mengine. Siku moja aliuliza, "Shamba nani analima?" Wakajibu wote, sisi. "Likiandikwa, linaandikwa jina la nani?" Wakacheka kwanza, kisha wakatazamana, na kule kwenye bao mikono ikasimama na kete. Mama akasema, "Mimi nikimaliza kusoma, mwanangu, unipakie nyuma ya baiskeli twende zetu Mikindani, tuwaache na bao lao." Wakaangua kicheko tena.

Mimi sikucheka. Mimi nilimwamini. Nyie mnajua ilivyokuwa enzi zile: karatasi haikuingia nyumba ya mwanamke kwa heri. Mama yangu mdogo aliletewa karatasi na mumewe, mistari miwili, na kabla ya adhuhuri alikuwa njiani na mkeka wake na chungu kichwani. Kwa akili yangu ya utoto, karatasi ikishaandikwa, mwanamke anaondoka. Wanaume ndio waliokuwa wakijua kuziandika. Sasa mama anajifunza kujiandikia yake mwenyewe. Akishaijua b atapanda nyuma ya ile baiskeli aende na mwanawe mpya, na mimi nibaki na Mwanaidi mgongoni na mjomba mlangoni.

Ikatangazwa siku ya mtihani wa kisomo. Atakuja mkaguzi kutoka mjini. Mama hakulala mchana wiki nzima, anachora mchangani kwa kijiti cha pweza. Siku moja kabla, akapitiwa na usingizi baada ya chakula. Kanga yake ilikuwa kwenye kamba, fundo linaning'inia.

Ilikuwa msimu. Korosho zilikuwa zimeanikwa uani. Nikachukua moja mbichi, haijaguswa na moto, nikaipasua kwa jiwe. Mafuta yakatoka, meusi mazito, yale ambayo hata mbanguaji mwenye mikono migumu kama yangu ya sasa hayagusi kabla hajajipaka majivu. Nikafungua fundo. Nikaipaka ile kalamu, mti wote, na ncha.

Miaka mingi nimejiambia kwamba nilimkusudia Esha, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika mkono wenye kalamu. Tena nimejiambia nilisahau kwamba mama anailamba. Uongo. Nilijua. Nilitaka kalamu imgeukie kama mbwa anavyomgeukia aliyemfuga, aitupe, arudi nyumbani awe mama yangu.

Asubuhi nikasimama mahali pangu pa siku zote. Mkaguzi alikuwa mzee wa miwani, amekaa kwenye kiti pekee. Mama akafungua fundo. Akalamba. Akaandika. Akalamba. Nikaona herufi zinakwenda vizuri, b ina tumbo mbele. Akalamba mara ya tatu, kisha akaacha kuandika. Akajigusa mdomo kwa kidole. Akaisogeza kalamu puani, akainusa.

Halafu akainua macho, akanitazama moja kwa moja pale mlangoni.

Sijui alinitazama muda gani. Mama akaifunga kalamu kwenye pindo, akanyanyuka, akamwambia mkaguzi, mdomo umeshaanza kuwa mzito, "Nisamehe baba, siwezi. Jana nilibangua korosho kwa meno."

Waliozaliwa penye mikorosho hawahitaji kuelezwa. Kila mtoto wa kwetu alibangua korosho mbichi kwa meno mara moja tu katika maisha yake, akaungua midomo, akachekwa, akakoma. Ni kosa la mtoto wa miaka minne. Mtu mzima, mama wa watoto, kusema hadharani kwamba amelifanya, ni kama kusema amejikojolea.

"Mama Fatu! Mzima wewe unabangua kwa meno?"

"Ulafi huo, shoga!"

"Mpeni titi, bado mchanga!"

Walicheka hao, na wanaume wa bao wakaja kuchungulia. Mkaguzi akaandika kitu kwenye karatasi yake. Esha peke yake hakucheka. Mama akapita katikati ya kicheko akarudi nyumbani, mimi nyuma yake, hakugeuka.

Midomo ikavimba ikafanana na ya samaki. Vidole vitatu vikatoa malengelenge, yakapasuka, ngozi ikatoka. Alikunywa uji wa baridi siku nyingi. Mjomba akaja kumwona, akasimama pale pale na fimbo yake. "Kumbe kisomo chenyewe ndiyo hiki? Mnasoma mpaka mnatafuna maganda?" Mama akavuta bakuli lake la uji. Baba akaendelea kula.

Siku ya nne Esha akaja. Nikajibanza nyuma ya ukuta wa jikoni, nikitaka nisikie wanavyopanga safari ya Mikindani.

"Shule inafunguliwa wiki ijayo," Esha alisema. "Mwalimu mkuu alisema mwenyewe, mzazi akiandika barua, Fatu anarudi. Ngoja nikuandikie mimi, wewe uweke dole gumba."

"Hapana." Mama alisema kwa shida, maneno yanatoka yamepondeka. "Ukiandika wewe, kaka yangu atasema mwalimu wa Mikindani kanitia maneno. Lazima mwandiko uwe wa mkono wangu. Siku ile alipomtoa mwanangu sikuwa na la kusema, Esha. Ningesema nini? Yeye alisimama, mimi nimekaa na kisu. Nataka safari hii niseme kwa karatasi, asiweze kunikatiza."

"Na hivyo vidole?"

"Vitapona."

Mtafikiri nililia. Mtafikiri nilitoka mbio nikamwangukia miguuni. Nitawaambia nilichohisi kwanza: nilihisi wivu. Esha alijua. Habari ya shule yangu mimi, barua yangu mimi, mama alimweleza Esha, mimi sikuambiwa. Mengine yalikuja baadaye, na yalipokuja hayakuondoka.

Vidole havikupona wiki ile. Shule ikafunguliwa. Mjomba akanipeleka unyagoni pamoja na wenzangu, na nilipotoka, nimepakwa mafuta, nimevikwa kanga mpya, nachezewa ngoma, nilimtafuta mama katika watu nikaona mkono wake unapiga makofi na vidole vitatu vina ngozi changa ya waridi. Siku chache baadaye aliandika barua. Mistari minne, aliichora tangu asubuhi mpaka alasiri. Akaipeleka mwenyewe kwa miguu. Mwalimu mkuu akaisoma, akamwuliza, "Umeandika mwenyewe, mama?" Akasema, "Mwenyewe." Akamwambia ameandika vizuri sana, ila nafasi imeshapewa mtoto mwingine, na msichana aliyekwisha kuchezwa unyago hawamrudishi.

Akarudi. Nilikuwa uani nabangua. Akakaa mbele yangu, akafungua fundo, akatoa ile kalamu. Alikuwa ameichonga kwa kisu kote, mti wote wa juu ameutoa, imebaki nyembamba kama mwiba. Akanyoosha mkono jikoni akachota majivu, akanimiminia viganjani.

"Sugua kwanza."

Nikasugua. Akaninusa vidole, kimoja kimoja. Akasema, "Tena." Nikasugua tena. Akanusa tena, ndipo akaniwekea kalamu mkononi, akaufunika mkono wangu kwa wake.

Hakuniuliza siku ile. Hakuniuliza mpaka tulipomzika. Lakini kila alasiri, maji yakiwa mafu, tulisoma wawili, yeye amenitangulia ukurasa mmoja, na kila alasiri kabla sijashika kalamu alinimiminia majivu, nikiwa nimebangua au sijabangua. Hivi ndivyo mimi nilivyosoma. Hizi herufi mnazozisoma nimefundishwa na mtu niliyemchoma.

Mtihani alikuja kuufanya baadaye, akafaulu. Jina lake likaandikwa kwenye shamba, la kwake, si la mtu. Akaingia kamati ya kijiji, na Mjomba aliposema Mwanaidi naye atolewe shule, mama alisimama mkutanoni, si kwa karatasi, kwa mdomo wake ule ule uliokuwa na alama pembeni, akamwambia, "Kaka, huyu humtoi. Kaa chini." Mjomba akakaa. Mwanaidi, niliyembeba mgongoni mpaka nikapinda, akasoma akawa muuguzi, na sare yake nyeupe ilipoanikwa kwenye kamba mara ya kwanza, mimi mwenye vibanda viwili vya korosho nilipita mbali nayo. Sikujiamini.

Basi Ijumaa ile Latifa akatoka kuoga, ananukia sabuni, akaikuta karatasi pale pale.

"Bibi, bado? Hukupenda?"

"Mikono michafu."

"Ngoja nikuletee sabuni."

"Sabuni haitoi haya. Nichotee majivu jikoni."

"Majivu! Bibi na wewe, tuna dawa kule kazini ya kutolea grisi, nitakuletea chupa nzima."

"Latifa, nichotee majivu."

Akaleta kwenye kisahani, anacheka. Wanawake wangu wakaacha kubangua wakanitazama. Nikasugua. Nikainusa vidole kimoja kimoja. Nikasugua tena. Kisha nikaandika jina langu lote, jina la mama yangu likifuata, taratibu, sikuvuka mstari. Latifa akaishika karatasi kwa mikono miwili.

"Sasa kalamu yangu, Bibi."

Wivu ulikuwa bado upo, sitawadanganya. Niliinusa kwanza ile kalamu, ndipo nikamrudishia.